Mama Mwenye Nyumba na Mbwa wa Mpangaji

Sijui kama nina haki ya kumwandika Mama Mwenye Nyumba. Si ndugu yangu, si kabila langu, si dini yangu, na kwa miaka yote niliyopanga kwake pale Manzese sikuwahi kuingia ndani kwake kupita sebuleni. Alizaliwa wapi, wazee wake walikuja kwa biashara gani, watu mtaani wana maneno yao, mie sikuuliza. Ninachokijua ni alivyomfanyia mbwa wangu alipougua, na kwamba nilikaa muda mrefu sana bila kumwambia asante inavyotakiwa kusemwa. Shule yangu ni ya darasa la saba, kazi yangu ni kushona na kuvalisha makochi. Kwa hiyo naandika nilichoona. Nikikosea, nimekosea kwa kutojua, si kwa kumwonea.

Nianze na mdomo wake, maana kila aliyewahi kupanga nyumba ile angeanzia hapo.

Alikuwa hapigi kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikuwa anapita uani taratibu na kanga yake begani, anaangalia kitu kimoja, anasema neno moja, anaendelea na safari. Sufuria ikiachwa kwenye karo tangu asubuhi, atasimama na kuuliza: "Hii imelowekwa au imezikwa?" Mpangaji akichelewa kuamka na redio yake inaimba: "Mwenzenu kalala, redio ndiyo imeamka kumtafutia riziki." Kulikuwa na msemo wake aliokuwa akiutoa tukigombana wapangaji, kwamba mlango wake ni mmoja na midomo yetu ni mingi, basi atakayeshindwa kuufunga mdomo ataufunga mlango akiwa nje. Ukikaa ukaufikiria, unakuta kakufukuza kwa adabu.

Siku niliyokwenda kuomba chumba aliniuliza unakunywa? Nikasema hapana Mama. Unapiga muziki? Hapana Mama. Una wanawake wa kuja na kuondoka? Hapana.

"Sasa una kasoro gani?" akasema. "Maana lazima ipo, Fundi. Bora niijue leo."

Nikafikiri kwa kweli, maana sipendi kusema uongo, nikamwambia sijui. Akanipa chumba lakini hakuridhika. Miezi ikapita. Jioni moja nikaingia getini na mtoto wa mbwa kifuani ndani ya shati. Akaniangalia, akaliangalia shati linatikisika, akasema, "Alaa! Kumbe ndiyo hii."

Mbwa mwenyewe nilimkuta Keko, kwenye karakana yetu, kalala ndani ya gunia la vipande vya sponji tunavyobakiza tukikata viti. Nani alimtupa hatukujua. Nikamwita Sponji. Wenzangu walicheka, lakini jina likashika.

Inabidi nieleze hapa, kwa sababu si kila mtu analijua. Kwa watu wa dini yake mbwa si mnyama wa kushikashika. Mate yake yakikugusa unaosha mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo. Mie nimekulia Masasi, kwetu mbwa anakwenda na baba kuwinda na kurudi analala mlangoni. Nilikuwa najua kwamba wenzetu wana hilo jambo lakini sikuwa nimelitilia uzito. Kwa hiyo aliposema mbwa hakai, nilimwona mkali. Leo nikipima, naona nilimletea mtu ndani ya nyumba yake kitu ambacho kingempa kazi kila siku ya Mungu, na sikumwuliza kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Alikubali kwa masharti. Mbwa akae nyuma, uchochoro ulio kati ya ukuta na tangi la maji. Asipite njia anayopita yeye kwenda kutawadha. Na chombo chake kijulikane. Nikachukua bakuli la bati nikalipaka rangi nyekundu ya mafuta tuliyokuwa tumepakia stuli za mteja, likang'aa kweli, nikaliacha juani likauke.

Hapo ndipo ilipotokea ile fitina. Mama Zuhura, mpangaji mwenzangu aliyekuwa anakaanga vitumbua, alipata wageni kutoka Lindi. Vyombo havikumtosha. Akaliona bakuli jekundu juu ya ukuta, jipya, zuri, akajua ni la mmoja wetu tu, akalisuuza na kuwapakulia wageni mchuzi. Sponji alikuwa keshalishwa humo siku nzima. Mie nikatoka chumbani nikalikuta bakuli katikati ya mkeka, wazee wa watu wanachovya mkate.

Nikasimama. Sikujua niseme au ninyamaze. Nikisema, nimewaharibia chakula. Nikinyamaza, nimewadhulumu dini yao. Ndiyo nikaenda kumwambia Mama Mwenye Nyumba kwa siri mlangoni. Alifumba macho kidogo, kisha akatoka, akawasalimia wageni vizuri kabisa, akasema, "Jamani, nawaomba radhi, bakuli hilo lina habari yake." Akawaambia. Mzee mmoja akaweka kipande chake chini. Nilifikiri sasa Sponji anaondoka, na mie naondoka naye.

Akageuka kwangu. "Fundi. Rangi nyekundu hiyo ulipaka ya nini?"

"Ili watu walijue, Mama."

"Watu walijue! Umelipamba kama la bi harusi, nani asilitake?" Mzee wa Lindi ndiye aliyeanza kucheka. Wakaosha mikono na vinywa wote, ukaletwa udongo, uani pakawa kama kuna sherehe. Bakuli likapigwa misumari miwili kuligongomea kwenye ubao wa uchochoroni, lisiondoke tena.

Jina la Sponji hakuwahi kulitamka. Alikuwa anamwita "huyo bwana." Huyo bwana kalala? Huyo bwana mbona anakohoa? Kabla hajaja, vibaka walikuwa wanaruka ukuta na kubeba nguo kambani. Tangu alipokuja hawakuruka tena. Nilimtajia hilo siku moja, kwa kumsifia mbwa wangu. Akasema, "Ni Ayatul Kursi niliyoibandika mlangoni." Sikubishana. Karatasi ya Ayatul Kursi ilikuwepo kweli, na mie siwezi kujua kibaka alizuiwa na nini.

Nisije nikamchora kama mtu wa mbinguni. Alikuwa na mambo yake. Alikuwa anachukia umbea na anajua habari za mtaa mzima. Televisheni alisema inapoteza watu, lakini ikifika saa ya tamthilia ile iliyotiwa Kiswahili, alikuwa anakuja na kigoda chake na kukaa nje ya mlango wa Mama Zuhura, mgongo kauelekeza ndani. "Sitazami," alikuwa anasema, "nimefuata upepo." Ikifika pahala pa fitina, utamsikia: "Mama Zuhura, yule kijana kamwambia mama yake au bado?" Alikuwa bahili wa umeme kupita kiasi. Na akikukosea hakuwaga anaomba radhi kwa mdomo. Unakuta tu asubuhi kuna sahani ya kaimati mlangoni kwako imefunikwa, na huruhusiwi kuuliza.

Sponji aliishi nasi miaka mingi. Alizeeka mdomo ukawa mweupe. Kisha akaanza kuacha chakula. Tumbo likajaa upande mmoja, miguu ya nyuma ikawa haishiki. Nikamwita Bwana Mifugo, mtu mpole, anakuja na pikipiki na kisanduku chake. Akampapasa, akamsikiliza, akanivuta kwa mkono hadi nyuma ya tangi kana kwamba mbwa asisikie.

"Fundi, huu ni uvimbe, na umekwenda ndani," akaniambia. "Nitakupa dawa ya maumivu. Mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa, uji mwepesi, asikae upande mmoja. Kupona, sikudanganyi."

Nikamwuliza atakaa muda gani. Akasema hilo hajui, na nilimheshimu kwa kusema hajui.

Kitu kimoja tu kilinishika roho tangu saa ile. Kufa nilijua atakufa. Niliogopa afe mchana, peke yake uchochoroni, anaangalia kona ninayotokea nikirudi, na mie niko Keko nagongelea kochi la mtu. Sina mke, sina mtoto. Kazi ya karakana ni ya kushirikiana. Ukikosekana wewe wa kuvalisha, wa fremu na wa vanishi wote wanakaa. Siku za kwanza niliomba ruhusa. Baadaye nikaona haya. Watu wanaomba ruhusa kwa mama mgonjwa, mie naomba kwa mbwa.

Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti namnywesha kwa kijiko kabla ya kwenda kituoni kupanda mwendokasi. Mama Mwenye Nyumba akatokea kwenye kona ya tangi. Hakuwaga anafika pale.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani anakaa na huyo bwana mchana?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna," akasema. Akamtazama Sponji, kisha akasema, "Leo ukirudi, niletee udongo."

"Udongo gani, Mama?"

"Udongo msafi. Ndoo nzima. Usinichotee wa mtaroni hapa, wa hapa una kila kitu isipokuwa udongo."

Nilipanda basi bila kuelewa. Nilikuwa nimeshapita Magomeni ndipo ikaniingia. Nikageuza uso dirishani, maana ndani kulikuwa na watu.

Jioni nikarudi na ndoo. Nilichota pahala wanapochimba msingi wa nyumba, udongo mwekundu wa chini kabisa. Akautazama, akaupekecha kwa vidole, akasema utafaa.

Kuanzia hapo akawa anakaa na Sponji. Niliomba upawa wake wa zamani nikauunganishia mpini mrefu wa mti wa mkongo pale karakanani, ili amnyweshe kwa mbali. Alikuwa anaweka kigoda kwenye kona, anavuta kanga miguuni, ananyoosha upawa. Mama Zuhura ndiye aliyekuwa ananisimulia jioni, huku akicheka: "Leo kamwambia, 'Fumbua mdomo bwana, mtu mzima analishwa na mwanamke wa watu hata haya huna!' Na huyo Sponji anafumbua!" Uji ukimwagika, mate yakiruka, anainuka, anakwenda kwenye beseni lake, udongo kwanza, kisha maji, kisha maji, hadi zitimie saba. Anarudi kukaa. Mate yakiruka tena, anainuka tena.

Ustadhi wa msikiti wa jirani alipita akamwambia kwamba ikiwa mbwa mkavu na mkono mkavu haina neno, asijitese. Akamjibu, "Ustadhi, huyu si mkavu. Huyu ni bomba la mtaa, hata likifungwa linavuja." Ngozi ya mikono yake ikaanza kukatika kwa udongo na maji. Alikuwa anapaka mafuta ya nazi na kulalamika. Nisifiche hilo: alilalamika kila siku. Harufu, nzi, uvivu wangu, serikali, mie kutooa. Mtu angemsikia angesema anafanya kwa kulazimishwa. Lakini nilipomwambia mara moja kwamba apumzike, nitamwomba mtu mwingine, alikasirika kabisa. "Nimekwambia nimechoka? Kulalamika ni kulalamika, kuchoka ni kuchoka."

Tuligombana mara moja. Alimpa mafuta ya habasoda na asali bila kuniambia, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akiambiwa hiyo ni dawa ya kila kitu ila mauti. Sponji akatapika usiku kucha. Nilimsemea kwa sauti, nami si mtu wa sauti. Nikasema Bwana Mifugo alisema maji na uji tu. Akaniacha nimalize, akasema, "Nilidhani nitamsaidia," akaenda zake. Asubuhi kaimati ziko mlangoni. Mie nilikuwa sahihi juu ya dawa. Juu ya sauti, sikuwa sahihi. Nilimwambia hivyo, akasema, "Kula zisipoe."

Ikafika siku Sponji hakufumbua mdomo tena hata kwa upawa. Alikuwa analia kidogo kidogo, sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Bwana Mifugo akaja, akasema, "Fundi, sasa hatumtibu, tunamchelewesha. Kuna sindano. Analala, haamki. Uamuzi ni wako."

Nikamtazama Mama Mwenye Nyumba. Nilitaka anikataze ili lawama iwe yake, au anikubalie ili lawama iwe yake. Nadhani aliliona hilo.

"Roho si yangu, wala si yako," akasema. "Mie sikuambii ndiyo, sikuambii hapana. Kama unataka kujificha, usijifiche nyuma yangu."

"Anaumia, Mama."

"Naona. Macho ninayo."

Nikamwambia Bwana Mifugo atie. Hadi leo sijui kama nilifanya sawa. Yako masiku nasema ndiyo, yako masiku nasema labda usiku ule angekwenda mwenyewe. Nimeacha kulitafutia jibu.

Nilikaa chini nikamlaza mgongo wake kwenye mapaja yangu. Kichwa kikawa kinaning'inia. Bwana Mifugo alikuwa anatayarisha sindano, mikono yake imejaa. Basi Mama Mwenye Nyumba akavuta kigoda, akakisogeza hadi karibu kabisa, akaweka upawa pembeni. Akaikunja mikono ya gauni. Akakipokea kichwa cha Sponji kwa mikono yake miwili mitupu, mate na machozi na kila kitu, akakishika vile unavyoshika kikapu cha mayai. Sponji alimwangalia yeye, hakuniangalia mie, na sikuona wivu. Pumzi ikapungua ikapungua, hadi Bwana Mifugo akasema, "Basi."

Alikaa na kichwa kile mkononi kidogo, kisha akakiweka juu ya goti langu.

"Nimiminie maji," akasema.

Nikachota udongo kwenye ndoo nikamwekea viganjani, nikamiminia maji. Akasugua hadi kwenye viwiko, taratibu, hakuwa na haraka, na mie nikamimina tena, na tena. Nilikuwa nalia na maji yanakwenda upande, akasema, "Mkononi, Fundi, si miguuni." Hadi zikatimia.

Sasa niseme na lile lililoniumiza, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimeandika nusu. Nilimwomba nimzike pale pale uchochoroni. Akakataa. Nilishangaa, nikaumia, nikasema moyoni basi kumbe kwake bado ni mbwa tu. Lakini pale chini kuna bomba la maji ya nyumba nzima, na ukutani upande wa pili ndipo wanapotandika mikeka ya kuswali Ramadhani. Alikuwa na sababu zake, na nyumba ni yake. Nilimfunga Sponji kwenye kitambaa cha kochi, mabaki ya ile mahameli ya bluu ambayo wateja wa harusi wanaipenda, nikakaa naye mlangoni kwangu sijui pa kwenda. Manzese huna pa kuzika hata kuku. Watu huwatupa jalalani. Mmoja akapita akaniambia hivyo hivyo, kwa nia njema, kwamba gari la taka linapita kesho.

Mama Mwenye Nyumba akatoka na simu sikioni. "Ndiyo baba. Mti. Nakuja kupanda mti kwenye kiwanja chako. Mti gani? Mkomamanga. Leo. Mie nikitaka kupanda mti nipangiwe siku?" Akakata. Alikuwa na mpwa wake mwenye kiwanja Madale, kule mlimani, hakijajengwa.

"Mama, umemdanganya," nikamwambia.

"Sijamdanganya. Nenda kaninunulie mche wa mkomamanga kwa wale wa barabarani."

Nikamwita dereva wa kirikuu, kale kagari kadogo tunakobebea makochi kutoka Keko. Mama Mwenye Nyumba akapanda mbele na mche wake mapajani, mie nyuma na mzigo wa bluu. Dereva akauliza, "Fundi, kochi gani dogo hivyo?" Kabla sijajibu nikamsikia yeye: "La mtu mmoja. Endesha."

Madale udongo wake una mawe. Nilichimba nikatoka jasho, na yeye kasimama na mwavuli, wakati mwingine unanikinga mie, wakati mwingine unamkinga Sponji. Nilipomaliza kufukia akapanda mche wake juu kwa mkono wake mwenyewe, akaukandamiza, akanywesha. Nikamwuliza kama kuna neno la kusema. Alifikiri.

"Dua ya mbwa siijui," akasema. "Lakini aliyemwumba hajamsahau. Twende, jua linazama."

Kuna kitu sikukitegemea kuhusu kufiwa na mnyama, nacho ni aibu yake. Ukifiwa na mtu, watu wanakuja. Ukifiwa na mbwa unaficha. Pale uani vijana wa chumba cha mbele walinikuta nimekaa nimevimba macho, wakaanza: "Fundi, tutandike turubai?" "Arobaini lini, braza, tuandae pilau?" Mie nilijichekesha nao, ndiyo njia rahisi.

Akatoka. Taratibu vile vile, kanga begani.

"Nani anacheka?"

Vijana wakatazamana.

"Mwenye kucheka akacheke chumbani kwake, na mlango aufunge. Nyumba hii kuna mtu kafiwa. Na ile singeli yenu leo sitaki kuisikia, wala kesho."

Redio zikazimwa. Usiku ule mmoja wa wale vijana, aliyekuwa na maneno zaidi ya wote, akaja akagonga, akasema, "Pole, Fundi. Alikuwaga ananisindikiza hadi getini." Akaondoka haraka. Mama Zuhura akaleta vitumbua. Na Mama Mwenye Nyumba akaniletea kahawa chungu na tende, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, mgongo kauelekeza ndani kama anasikiliza tamthilia. "Lia leo, lia kesho," akasema bila kugeuka. "Kesho kutwa nenda kazini. Makochi ya watu hayajui kama umefiwa." Nikafanya hivyo. Sikupona kwa siku tatu, nisidanganye, lakini nilikuwa na utaratibu wa kufuata, na mtu aliyefiwa anahitaji utaratibu kuliko maneno.

Asante sikusema. Nilijaribu mara nyingi. Kila nikianza ananikatisha: bomba linavuja, Fundi, hebu liangalie.

Kisha akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Wakamtibu, lakini hakutembea tena. Binti yake akamchukua kwake Mbagala, nyumba ikawa ya mtoto wa kiume, kijana mwema, hana maneno, na uani pakapoa. Nilichelewa kwenda kumwona. Nilisema kazi, lakini nadhani niliogopa kumkuta kalala.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Binti alinifungulia, alikuwa anavaa baibui kwenda dukani kwake. "Karibu Fundi, mama anakutaja. Nawaacha mara moja, mlango uwe wazi." Chumba kilikuwa kisafi, feni inazunguka, kitanda kimesogezwa dirishani. Alikuwa amepungua mno. Ile kanga ilikuwa kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekonda. Bado hujaoa?"

"Bado."

"Basi kasoro imezidi."

Nikacheka, nikakaa kwenye stuli. Nikaona nikingoja nitashindwa tena, nikasema palepale, haraka, bila mpangilio: "Mama, nimekuja kukushukuru. Kwa Sponji. Kwa michana ile yote. Nilikuwa naogopa afe peke yake, hukumwacha, na mie sijawahi kukuambia asante."

Akaniangalia. "Umeibeba asante hiyo miaka yote? Haikukuchosha?"

"Imenichosha."

"Itue." Akahema. Akageukia dirishani. "Tena ulivyokuwa na akili fupi, ulidhani nilikaa pale kwa ajili yako."

Nikasema nilidhani hivyo.

"Marehemu mume wangu alipokufa," akasema, "watu walikuja, wakala, wakaondoka. Watoto wana shughuli zao, siwalaumu. Nyie wapangaji mkiniona mnanyamaza, mnadhani naja kukagua sufuria. Nilikaa miaka sina mtu wa kumweleza kitu. Yule bwana wako alikuwa hawezi kuondoka. Nikawa namweleza. Kila siku. Mambo ya ujana wangu, ya mume wangu, mengine hata huyu binti hayajui. Alikuwa ananitazama usoni hadi namaliza. Binadamu gani anafanya hivyo?" Akavuta kanga. "Ile siku ya mwisho, wewe ulikuwa unamzika mbwa wako. Mie nilikuwa namzika aliyenisikiliza. Basi na mie asante, Fundi, uliniletea huyo bwana."

Feni ikawa inazunguka. Nje muuza samaki akapita anaita wateja.

"Sasa mchana ni mie na feni hii," akasema, si kwa kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha, maana yeye alikuwa analalamika kwa kila kitu.

Nikavuta stuli, nikaisogeza hadi karibu na kitanda.

"Nieleze mie, Mama."

"Wewe!" Jicho lile la zamani likarudi. "Wewe utakwenda kuandika. Nakujua, usiku taa yako ilikuwa inawaka unaandika, nami nalipia umeme."

"Utakayonieleza sitayaandika."

"Apa."

Nikaapa. Akanitazama muda, kama alivyoupima udongo kwa vidole. Kisha akaweka sawa kanga, akasema, "Basi kaa vizuri, na usinikate kauli," akaanza, na akaendelea hadi binti aliporudi kutoka dukani akatukuta vilevile. Nimekuwa nikienda kila Jumapili. Anayonieleza ni mengi, na ni yake.